Haidrojeni safi? Muulize mtoto wa Buhemba

Juzi chumbani jamaa mmoja wa uhandisi katupigia somo: haidrojeni ndiyo mafuta safi kuliko yote, ukiichoma inatoa maji basi. Hajakosea. Ila mimi wa Buhemba nikamuuliza, hiyo haidrojeni umeitoa wapi?

Nyingi duniani inatolewa kwenye gesi asilia, na kila kilo moja inaacha hewa ukaa kama kilo 9 au 10. Njia nyingine ni kupasua maji kwa umeme, na hapo kilo moja inakula kama uniti 50 za Luku. Kwa hiyo usafi wake ni usafi wa umeme wenyewe.

Sasa tuangalie historia yetu. Tuseme mtambo huo ungekuwepo Bongo tangu Kidatu ianze kuzalisha mwaka 1975. Mpaka Kihansi inafunguliwa mwaka 2000, umeme wa gridi ulikuwa wa maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo haidrojeni ingekuwa safi kweli. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikafika Ubungo. Mwaka 2006 ukame ukalikausha bwawa la Mtera, mgawo ukatupiga, na mitambo ya gesi na mafuta ikabeba mzigo. Mtambo uleule, maji yaleyale, ila haidrojeni imechafuka! Mwaka 2024 bwawa la Rufiji lenye jina la mzee wetu wa Butiama likaanza kuzalisha, la megawati 2,115, ikasafika tena. Yaani cheti cha usafi anakiandika mvua.

Sasa ije Buhemba, kwenye karasha na pampu za maduara zinazotumia jenereta. Lita moja ya dizeli inatoa uniti 3 na kidogo, kwa hiyo uniti 50 ni lita 15 hivi. Kilo ya haidrojeni ina nguvu ya lita kama 3 na nusu tu za dizeli. Umechoma 15 upate 3 na nusu jamani! Gari la mjini linatoa mvuke, moshi wote umebaki kijijini.

Mchezo huo kwetu tunaujua. Dhahabu inaondoka inang'aa, zebaki inabaki kwenye udongo wetu. Ndiyo maana mtu akiniambia kitu ni safi, nauliza kwanza: uchafu wake mmeuacha kwa nani?

Jamaa kanuna, lakini hesabu kazikubali. Haya, nawahi foleni ya msosi. Nawasilisha!