Meya wa Kolwezi na Kura Isiyofika

Katika miji mingi ya dunia, meya anapokaribia kumaliza muda wake na kutamani mwingine huonekana sokoni na katika nyumba za ibada, akiwakumbusha raia barabara alizozitengeneza na kuwasihi wamrudishe. Lakini Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba nchini Kongo, mji ulioasisiwa mwaka 1937 juu ya madini ya shaba na kobalti, haukulelewa katika desturi hiyo, kwa kuwa tangu asili cheo cha mkuu wa mji kimekuwa amana iliyoshuka kutoka juu, na mwenye kuipokea hutazama huko ilikotoka.

Aliyetawala maisha ya kila siku alikuwa kampuni ya madini: Union Minière, na baada ya 1967 Gécamines. Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule, hata wafanyakazi wakasema kwamba kazi ndiyo baba na ndiyo mama. Na baba, kama tujuavyo, hapigiwi kura.

Kura ilipoingia Katanga, jimbo ambalo Kolwezi ilikuwa ndani yake wakati wa ukoloni, haikufika Kolwezi. Kwa amri ya 26 Machi 1957 Wabelgiji, watawala wa Kongo wakati huo, waliiruhusu miji mitatu tu, Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ichague madiwani mwezi wa Desemba mwaka huo, nao wapiga kura walikuwa wanaume waliotimiza miaka 25. Na hata hapo kila komuni, yaani sehemu ya mji, ilipata burugumesta, yaani mkuu, wake, ilhali burugumesta wa kwanza, mkuu wa mji mzima, alibaki mtumishi wa serikali aliyeteuliwa. Mlango huo, ingawa ulikuwa mwembamba, ulitosha kuleta tufani. Joseph Kasa-Vubu, burugumesta mpya wa Dendale kule Léopoldville, alisimama tarehe 20 Aprili 1958 akadai uchaguzi wa nchi nzima. Na Elisabethville, ambako watu waliotoka nje ya Katanga, hasa Wakasai, walipata ushindi mkubwa, waliojiita wenyeji halisi waliingiwa na hofu, wakaunda Conakat mwezi wa Oktoba 1958, chama ambacho baadaye kilimpata Moïse Tshombe kuwa rais wake na tarehe 11 Julai 1960 kikaitenga Katanga na Kongo. Hatimaye ngome ya mwisho ya Tshombe ikawa Kolwezi, ambako majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Januari 1963: mji ambao haukutia hata karatasi moja sandukuni mwaka 1957 ndio uliokuja kuwa tamati ya fitina ya sanduku lile.

Baadaye zikaja zama za Rais Mobutu, nazo hazihitaji maneno mengi: meya akaitwa kamishna wa mji, na uteuzi ukabaki uteuzi.

Katiba ya 2006 na sheria ya Oktoba 2008 ziliagiza kwamba raia wachague madiwani wa komuni, madiwani hao wachague baraza la mji, na baraza limchague meya. Lakini raia wa Dilala na Manika, komuni mbili za Kolwezi, hawakuitwa kuwachagua madiwani wao mpaka tarehe 20 Desemba 2023. Katikati ya muda huo Kanuni ya Madini ya 2018 ilikuwa imekwisha kuzipa serikali za mahali asilimia 15 ya mrabaha wa madini, fedha zilizosimamiwa miaka ile na walioteuliwa, pasi na diwani wa kuwauliza. Na kwa mujibu wa sheria hiyo ya 2008, meya atakayetaka kurudi kitini hatalazimika kulisihi soko zima la Manika, bali madiwani wachache chumbani. Nami naona, mahali penye mrabaha kama huo, wachache ni rahisi mno kuridhishwa.