Fidia na Adhabu katika Mikataba ya Ujenzi

Mikataba ya ujenzi katika Afrika ya Mashariki aghalabu huwa na sharti lisemalo kwamba mkandarasi akichelewa kulikabidhi jengo, atalipa kiasi fulani cha fedha kwa kila siku ya kuchelewa. Katika mazungumzo ya kawaida malipo hayo huitwa faini. Mahakama, hata hivyo, hulitazama jambo lililo nyuma ya jina: je, fedha hizo ni fidia ya hasara, au ni adhabu ya kumtisha aliyetia sahihi? Jibu la Nairobi si jibu la Dar es Salaam, na sababu yake imo katika historia.

Waingereza hawakuileta sheria yao ya mikataba moja kwa moja kutoka London. Kuanzia 1897 waliitumia Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya; na tangu 1920 sheria hiyo hiyo ikatumika Tanganyika. Kifungu chake cha 74 kiliukata ubishi huo kwa njia nyepesi. Aliyevunjiwa mkataba alistahili fidia ya kadiri, hata kama hakuthibitisha hasara halisi, mradi isizidi kiasi kilichotajwa katika mkataba.

Huko Uingereza mambo yalikuwa mengine. Katika shauri la kampuni ya Dunlop, lililoamuliwa na House of Lords mwaka 1914, ilielezwa kwamba kiasi kilichokadiriwa kwa nia njema kabla ya hasara kutokea hulipwa chote. Bali kiasi kilichowekwa kwa kutisha hakidaiki, na mdai hana budi kuithibitisha hasara aliyoipata.

Njia ziliachana mwaka 1961. Katika mwaka huo Tanganyika ilitunga sheria yake ya mikataba, ikakihifadhi kifungu cha 74 kwa nambari ile ile. Kenya nayo, tangu tarehe 1 Januari 1961, iliiacha Sheria ya India na kuzifuata kanuni za Kiingereza.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ichukuliwe, mathalani, kwamba mkandarasi amechelewa siku 40, na mkataba unataja shilingi 5,000 kwa siku. Dar es Salaam, shilingi 200,000 ni ukomo. Hakimu aweza kutoa pungufu ya hizo. Nairobi, mwenye jengo hupata zote. Lakini mkandarasi akithibitisha kwamba kiasi hicho ni adhabu, sharti huanguka, na mwenye jengo asiyeweka hesabu za hasara yake huweza kutoka mahakamani karibu mikono mitupu.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania mwaka 2021 ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno faini, lililozoeleka kwa malipo anayotozwa mkosaji, halifai kuandikwa kiholela katika mikataba. Jina peke yake haliamui shauri; lakini katika mahakama ya Kenya, mwenye jengo aliyeandika faini mahali pa fidia amempa mpinzani wake hoja ya kwanza.