Mji Uliochorwa kwa Ajili ya Miguu

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba tembo mmoja alishuka kijitoni kunywa maji, akanasa kwenye tope, akazama asiweze kutoka. Waliomkuta wakasema "idodomya", yaani amezama. Wageni hawakuweza kulitamka neno hilo sawasawa, na mji ukabaki na jina la Dodoma. Kama tembo huyo aliishi kweli au la, si hoja. Hadithi yenyewe inajua jambo moja kuhusu ardhi ile: kwa juu ni kavu na ngumu, kumbe mabondeni kuna udongo mzito ambao mvua ikinyesha hauna mzaha. Kabla mtu yeyote hajaichora Dodoma kwenye karatasi, jina lake lilikwisha kuwa ripoti ya udongo.

Sisi tunaosoma mipango miji hufundishwa Dodoma kama mfano wa mpango mzuri uliokosa fedha. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili inahusu kile ambacho hakikuhitaji fedha, na ambacho kwa hiyo kilitekelezwa.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahame kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na kazi ikamilike ndani ya miaka 10. Sababu zilieleweka na kila mtu. Dar es Salaam ilikuwa imekulia bandarini, mahali ambapo mkoloni alipataka kwa ajili ya meli zake. Dodoma ilikuwa karibu na katikati ya nchi, kwenye reli ya kati, katika mkoa maskini wenye ukame. Sensa ya 1967 ilikuta mji huo hauna hata watu 25,000. Kwa serikali iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka sita tu kabla ya hapo, kuhamia huko ilikuwa njia ya kusema nchi ni ya nani.

Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo watu wote waliiita CDA, na George Kahama akawa kiongozi wake wa kwanza. Kazi ya kuchora mpango kabambe ikapewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Haikuwa ngeni nchini, kwani ndiyo iliyokuwa imeandaa mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1968.

Inafaa kuitazama kampuni ya namna hiyo kwa karibu, maana kazi zake zimetuzunguka na majina ya watu wake hatuyajui. Mwanzilishi wake, Macklin Hancock, alikulia katika familia iliyokuwa na biashara ya vitalu vya miche, kisha akasomea usanifu wa mandhari Harvard. Alipokuwa bado kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1950, tajiri E. P. Taylor alimkabidhi kazi ya kupanga Don Mills, mji mpya pembezoni mwa Toronto. Hancock aliupanga kwa mitaa minne kukizunguka kituo cha maduka, kila mtaa ukiwa na shule yake, barabara zikipinda kufuata ardhi, na mikanda ya miti na nyasi ikiunganisha kila kitu ili mtoto aende shule bila kuvuka barabara kubwa. Don Mills ilimpa jina. Kampuni aliyoianzisha baadaye iliweka chini ya paa moja fani ambazo kwa kawaida hukutana zikiwa zimekwisha kugombana: wapangaji miji, wasanifu wa mandhari, wahandisi.

Faida ya mchanganyiko huo inaonekana kwenye mpango wa Dodoma uliotoka mwaka 1976. Mhandisi peke yake angeanza na barabara, na msanifu majengo angeanza na jumba la Bunge. Mpango huu ulianza na vilima na mabonde. Mji haukulazimishwa kuwa duara wala mraba. Uliachwa ujipinde kati ya vilima. Makazi yaliwekwa kwenye ardhi iliyofaa kujengwa, na mabonde, mashamba na misitu vikabaki ndani ya mji kama sehemu yake halali. Mbinu hiyo inasikika ya kawaida leo, lakini katika miaka ile haikuwa kawaida kwa mji mkuu.

Ilinganishe na Abuja. Nigeria iliamua kuhama Lagos mwaka 1976, mwaka ule ule mpango wa Dodoma ulipotoka. Walioichora Abuja walikuwa muungano wa kampuni tatu za Marekani, mojawapo ikiwa Wallace, McHarg, Roberts and Todd. Huyo McHarg ndiye Ian McHarg, aliyekuwa ameufundisha ulimwengu kusoma ardhi kabla ya kujenga. Pamoja na hayo, kitovu cha Abuja kiliwekwa kwenye mhimili mmoja mrefu unaoelekea Aso Rock, ili aliyesimama huko aione dola mbele yake. Dodoma ilikataa mhimili wa namna hiyo. Nyerere alitaka mji ambao mkulima akiuingia asijisikie mdogo, na wachoraji wakamsikiliza.

Kipimo cha mji huo kilikuwa miguu. Mtu alitakiwa aweze kutembea kutoka nyumbani hadi kituo cha basi, na mabasi yalipewa njia zao peke yao, zisizoingiliwa na magari mengine. Makazi yaligawanywa kuanzia chini: nyumba kumi kwanza, zile zile nyumba kumi za balozi wa TANU, kisha mtaa, kisha jumuiya yenye shule, soko na zahanati. Ukiweka ramani ya Dodoma kando ya ile ya Don Mills unaona undugu wao mara moja. Barabara zinazopinda ni zile zile, na vishada vya nyumba ni vile vile. Kilichobadilika ni maelezo. Kwa Wakanada, kishada cha nyumba kilikuwa utulivu wa familia yenye gari. Kwa Tanzania kilikuwa ujamaa. Sisemi hivyo kwa kejeli. Wazo linaweza kuhama bara na kufaa kuliko lilikotoka, na kwa mji wa watu wasio na magari, njia ya mabasi na ya miguu ilikuwa na maana kubwa kuliko ingekuwa nayo Toronto.

Halafu fedha zikakosekana. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973. Mwaka 1978 vita na Idi Amin vikaanza, na miaka iliyofuata nchi ilipanga foleni ya sukari na sabuni. Wizara zilibaki Dar es Salaam. Katika miaka ya 1980 kampuni nyingine, Conklin Rossant ya New York, ilichora kitovu cha serikali kwa ustadi mkubwa, na michoro hiyo nayo ikabaki michoro. Njia za mabasi hazikujengwa. Watanzania waliziona kwanza Dar es Salaam, mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, miaka 40 baada ya Dodoma kuchorewa za kwake. Dodoma yenyewe leo inakwenda kwa bodaboda na bajaji.

Hapa ndipo somo la darasani huishia. Lakini mpango kabambe huwa na sehemu mbili. Ipo sehemu ya kujenga, inayohitaji saruji, mabomba na mikopo. Na ipo sehemu ya kuzuia, inayohitaji sheria, ramani na mtu wa kuja na rangi nyekundu kuweka alama ya X ukutani. Ya kwanza ilikwama. Ya pili haikuwahi kukosa bajeti.

CDA ilikabidhiwa ardhi ya eneo zima la makao makuu. Ilikuwa mpangaji wa mji na mwenye ardhi kwa wakati mmoja. Mwananchi aliyepata kiwanja alikipata kwa mkataba wa miaka 33, wakati Mtanzania wa mji mwingine aliweza kupewa hati ya miaka 99. Tofauti hiyo si ya karani tu. Mtu wa miaka 30 anayepewa miaka 33 anajua kwamba akistaafu, nyumba itakuwa imesimama juu ya karatasi iliyokwisha. Benki nayo inajua.

Na wapo waliokuwa pale kabla ya ramani. Bonde lile lilikuwa la Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, watu wa nyumba za tembe. Mwaka 1971, baada ya ukame, Mkoa wa Dodoma ulikuwa umepitiwa na operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Miaka miwili baadaye likaja tangazo la makao makuu. Shamba lililokuwa la babu likaanza kuonekana kwenye mchoro kama eneo la wazi, hifadhi ya mji au upanuzi wa baadaye. Kwa mwenye ramani, eneo la wazi ni pafu la mji. Kwa mwenye shamba, ni taarifa kwamba hakuwahi kuonekana.

Mji ulipokua, watu walijenga walipoweza. Chang'ombe, upande wa kaskazini, ikajaa nyumba ambazo hazikuwa kwenye mpango wowote. Kubomolewa kukawa sehemu ya maisha ya Dodoma, na malalamiko dhidi ya CDA yakawa wimbo wa kila kampeni ya uchaguzi. Mpango ulioandikwa ili mkulima asijisikie mdogo ukawa chombo cha kumuuliza kibali chake kiko wapi.

Je, kosa ni la wachoraji? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na sidhani kwamba jibu jepesi linatosha. Mikanda ya miti, mashamba ndani ya mji na mabonde yasiyojengwa yalikuwa mawazo sahihi. Angalia maji tu. Dodoma hupata mvua isiyofikia milimita 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja kati ya Desemba na Aprili, na kwa zaidi ya nusu karne mji umeishi kwa visima vya Makutupora. Watafiti waliofuatilia kina cha maji hayo kwa miaka 55 walikuta kwamba bonde halijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Katikati ya misimu hiyo mji hunywa akiba. Ardhi ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuilinda isifunikwe kwa zege. Aliyesema mabonde yaachwe hakuwa adui wa wananchi.

Tatizo ni kwamba timu ile yenye fani nyingi ilijua kusoma udongo, mteremko na umbali wa miguu, na mteja wake alikuwa mmoja, nayo ni serikali. Mteja yule alipofilisika hakuuweka mpango pembeni. Aliutumia ule upande usio na gharama. Ukimnyima mtu ruhusa ya kujenga mahali pabaya bila kumpa kiwanja mahali pazuri, umemwachia mzigo wote wa uzuri wa mji aubebe yeye, tena asiye na kitu.

Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikahamia halmashauri, na mikataba ya miaka 33 ikaelekezwa kuwa ya miaka 99. Wakati huo serikali ilikuwa imekwisha anza kuhama kwa kasi, baada ya tangazo lake la Julai 2016. Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba Aprili 2019, kando ya barabara ya Dar es Salaam, kilomita nyingi kutoka katikati ya mji. Ni mbali kwa anayekwenda kwa miguu. Sensa ya 2022 iliwakuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na tangu 2019 upo mpango kabambe mwingine, unaotazama hadi 2039.

Wengi wetu tunaosoma fani hizi tutaajiriwa kwenye kampuni za namna ile ya Toronto, safari hii zikiwa na anwani za hapa kwetu. Tutakuwa na setilaiti, droni na programu ambazo Hancock hakuziota. Tutapaka kijani kwenye mabonde, na mara nyingi tutakuwa sahihi. Lakini kila tunapoipaka tunapaswa kuuliza swali ambalo halina fani yake ofisini: fedha zikiisha, ni mstari gani katika mchoro huu utakaoendelea kufanya kazi peke yake, na utamfanyia kazi nani? Mtu wa Chang'ombe alilijua jibu tangu zamani. Hakuna aliyemwita mezani amweleze mchoraji.