Mtu na Mkewe Walienda Kuona Hekalu, Wakabeba Misumeno

Wasee, wiki hii pekee nimeona video tatu za wapenzi wakiwa Siem Reap, ule mji wa Kambodia ulio karibu na mahekalu ya Angkor. Jua linachomoza nyuma ya minara, dem amevaa gauni jeupe, jamaa anamshika mkono, na kuna wimbo wa polepole kwa nyuma. Sina shida nao. Ningekuwa na nauli, hata mimi ningekuwa huko.

Lakini kila nikiona hizo video, nakumbuka mtu na mkewe waliopita hapo hapo miaka mia moja na kidogo iliyopita. Hao walikuja na misumeno.

Stori yao niliisoma nikiwa na miaka 22, miezi michache baada ya kuacha kampo. Imekataa kutoka kichwani, na mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Jamaa aliitwa André Malraux. Alizaliwa Paris mwaka 1901, na shule aliiacha njiani kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Hustle yake ilikuwa kununua na kuuza vitabu adimu, kuandika kidogo, na kuongea sana. Mwaka 1921 akamuoa Clara Goldschmidt, msichana kutoka familia ya Kiyahudi yenye pesa, aliyemzidi miaka minne. Pesa za Clara wakaziweka kwenye hisa za migodi ya Meksiko. Kufika 1923, hisa zikaanguka. Wakasota kabisa.

Msee wa kawaida hapo anatafuta kazi. André akatafuta ramani.

Alikuwa amesoma makala ya Henri Parmentier, mtaalamu wa Kifaransa wa majengo ya kale, kuhusu hekalu dogo msituni linaloitwa Banteay Srei. Mpango ukawa rahisi: waende, wang'oe sanamu, wawauzie matajiri wa Marekani, warudi wakiwa wameomoka. Akapata barua rasmi ya kusafiri kama mtafiti. Walipopita Hanoi, wakuu wa taasisi ya Kifaransa iliyosimamia mambo ya kale walimwambia wazi kwamba kila atakachokiona kinabaki pale kilipo. Kwa hivyo hakuna cha kusema hakujua.

Walipanda meli Marseille Oktoba 1923. Rafiki wa André wa tangu utotoni, Louis Chevasson, akaungana nao huko mbele. Siem Reap wakati huo ulikuwa mji mdogo tu. Eneo lote la Angkor lilikuwa limetoka mikononi mwa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand, mwaka 1907, likaingia Kambodia iliyokuwa chini ya Ufaransa. Wakakodi mikokoteni ya ng'ombe na watu wa kuiendesha, wakaingia msituni.

Sasa tuongee kuhusu hilo hekalu, kwa sababu wengi wakisimulia hii stori huliruka. Banteay Srei liliwekwa wakfu mwaka 967. Halikujengwa na mfalme. Lilijengwa na Yajnavaraha, msomi aliyekuwa mshauri wa mfalme. Ni dogo ukilinganisha na Angkor Wat, lakini mawe yake yana wekundu unaokaribia waridi, na nakshi zake ni ndogo na za ndani kiasi kwamba unaweza kudhani ni mbao. Kwenye kuta kuna wanawake watakatifu wamesimama kimya, kila mmoja na nywele zake na vito vyake. Jina lenyewe hutafsiriwa kama ngome ya wanawake.

Hao ndio walikuja kukatwa. Misumeno ikavunjika, jiwe likakataa. Wakaingia na patasi, mitaimbo na kamba. Mwishowe vipande vikatoka, vikawekwa kwenye masanduku, vikapakiwa kwenye mikokoteni, halafu kwenye boti ya kwenda Phnom Penh. Walipofika huko, polisi walikuwa wanawangoja. Ilikuwa tarehe 24 Desemba 1923. Krismasi ikaenda hivyo.

Kesi ikasikizwa Julai 1924. André miaka 3 jela, Louis miezi 18. Clara akaachiliwa, hoja ikiwa kwamba mke humfuata tu mumewe. Angalieni hapo. Pesa iliyopotea ilikuwa yake. Msituni alikuwepo. Lakini mbele ya sheria alikuwa kama mzigo mwingine tu wa mumewe.

Huo mzigo ndio uliomwokoa. Clara alirudi Ufaransa akaanza kuzungusha jina la mumewe kwa waandishi. Septemba 1924 gazeti moja la fasihi la Paris likachapisha ombi la kumtetea, likiwa na majina mazito: André Gide, François Mauriac, André Breton, Louis Aragon. Hoja yao kwa ufupi: huyu kijana ana akili na kipaji, msimharibie maisha. Wakati huo alikuwa na kitabu kimoja kidogo tu. Oktoba, rufaa ikasikizwa Saigon. Hukumu ikashuka hadi mwaka mmoja, tena ikaahirishwa. Jamaa akarudi nyumbani.

Sitaki kuwa mwongo kwake. Mwaka 1925 yeye na Clara walirudi Saigon, na pamoja na wakili Paul Monin wakaanzisha gazeti la kuichapa serikali ya kikoloni. Ile kesi ilimfungua macho. Baadaye akashinda tuzo ya Goncourt mwaka 1933, na kuanzia 1959 hadi 1969 akawa waziri wa utamaduni wa Ufaransa. Soma tena hapo polepole. Kijana aliyekata ukuta wa hekalu alikuja kupewa kazi ya kulinda makumbusho na majengo ya kale ya nchi nzima.

Na Clara? Mwaka 1930 André alitoa riwaya, La Voie royale, kuhusu kijana Mfaransa anayeingia msitu wa Kambodia kung'oa sanamu. Ndani ya ile safari hakuna mke. Ndoa ikavunjika rasmi 1947. Clara alikuja kusimulia upande wake mwenyewe kwenye vitabu vya kumbukumbu zake, miaka mingi baadaye.

Sasa niwaambie kwa nini hii kitu inanisumbua.

Mtaani kwetu kuna kijana tulikua naye. Alikuwa anachora, wasee. Ungempa kalamu ya biki na karatasi ya kufungia mandazi, angekuchora hadi ushtuke. Akashikwa na vyuma vya barabarani, alivyotaka kumuuzia mtu wa skrepu. Makosa ni yake, na sipingi. Lakini dhamana mamake hakuweza kuipata, kwa hivyo alikaa rumande miezi minane kabla kesi haijaisha. Alitoka akiwa mtu mwingine. Hachori tena. Tulikuwa rika moja, miaka 22. André pia alikuwa na miaka 22 aliposhikwa.

Hakuna mtu aliyeandika gazetini kwamba kijana wetu ana kipaji. Hata mimi, mwenye wafuasi na simu, sikuandika. Niliona aibu kuhusishwa naye. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma.

Kuna kiti kingine kilichokuwa kitupu kwenye ile kesi. Mahakama ilikuwa ya Wafaransa, sheria ya Wafaransa, washtakiwa Wafaransa, na waombaji msamaha Wafaransa. Wakhmer, ambao babu zao walichonga yale mawe, walikuwa wenye mikokoteni. Na serikali iliyomhukumu André haikuwa safi. Mwaka 1873 afisa wa majini, Louis Delaporte, aliongoza msafara uliobeba sanamu za Khmer hadi Ufaransa. Nyingine ziko Paris hadi leo, kwenye jumba la Guimet, na unalipa kiingilio kuziona. Delaporte aliitwa mvumbuzi. Tofauti yake na André ni nani aliyemtuma.

Msiseme hayo ni ya kina Kambodia. Kule Kilifi, vigango, ile miti iliyochongwa na Wamijikenda kwa ajili ya wazee wao waliokufa, iling'olewa makaburini ikauzwa ng'ambo. Baadhi imerudi, mingi bado iko kwenye majumba ya watu. Soko ni lile lile: mtu msotaji anang'oa, mtu wa kati anapanga karatasi, tajiri anaweka sebuleni.

Angalau mawe ya Banteay Srei yalirudi. Kati ya 1931 na 1936 Henri Marchal alilisimamisha hekalu upya, jiwe kwa jiwe, na vile vipande vikapata ukuta wao. Na Desemba 2023, miaka mia moja kamili tangu André ashikwe, jumba la Metropolitan la New York lilitangaza kwamba linairudishia Kambodia sanamu 14.

Sisemi André angeoza jela. Nafasi ya pili ni kitu kizuri, na alichofanya nayo kinaonekana. Ninachosema ni kwamba nafasi ya pili haikuja kwa sababu ya kipaji. Ilikuja kwa sababu kuna mtu alimzungumzia, na wenye majina wakamsikiza.

Kwa hivyo ukipata nauli, nenda Banteay Srei. Piga picha zako. Lakini simama kidogo mbele ya wale wanawake wa mawe, uangalie kama utaona alama za patasi. Na ukirudi mtaani, jiulize ni nani unaweza kumwandikia barua. Mimi wangu namjua. Kesho naenda kumpelekea kalamu.