Wijada na Makala za Magazeti ya Zamani



Ijumaa moja hapa Masumbwe, baada ya swala, kijana anayefanya kazi machimboni alinikabidhi kopi ya makala iliyotolewa gazetini. Mwandishi alilalamika kwamba nchi haina hata hisa moja katika mgodi wa Bulyanhulu, akawataka wananchi wawaulize viongozi wao. Jina la gazeti lilikuwa limekatwa na tarehe haikuwepo. Vijana walikwisha kuisoma, wamekasirika, na walitaka maneno yale yaingizwe katika khutba ya Ijumaa inayofuata.

Niliomba nibaki nayo. Katika kuisoma nikakuta mwandishi anaitaja Masumbwe kuwa ipo wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga. Sisi wenyeji tunajua kuwa tangu mwaka 2012 tupo wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita. Basi makala ile ni ya kabla ya hapo, na kwa wakati wake alilosema kuhusu hisa lilikuwa kweli. Lakini Januari 2020 Serikali ilitia saini makubaliano yanayoipa asilimia 16 katika migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Mtu ana haki ya kusema asilimia 16 ni kidogo (na mimi ni mmoja wao), ila hawezi kupanda mimbari akasema hakuna kitu.

Maulamaa wa elimu ya hadithi wanalo jina la jambo hili: wijada. Ni mtu kukuta maandishi ya mwingine ambayo hakuyasikia kwake wala hakupewa ijaza ya kuyapokea. Sharti lake ni aseme wazi kwamba amekuta, na amekuta katika maandishi ya nani. Abdallah, mtoto wa Imam Ahmad bin Hanbal, katika Musnad ya baba yake hutofautisha aliyoyasikia kwa baba na aliyoyakuta yameandikwa kwa mkono wa baba. Huyo ni mtoto na baba yake, nyumba moja! Ibnu Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, aliona kwamba katika zama za baadaye hapana budi kuifanyia kazi wijada, kwa kuwa masharti ya upokezi wa zamani yamekuwa magumu kutimizwa. Kwa hiyo anayekusanya makala kuukuu na kuzigawa hafanyi kosa. Kosa ni kukata juu ya karatasi.

Tuangalie mfano wa karibu nasi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (Allah amrehemu), aliyezaliwa 1891, alianza kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Humo aliandika rai zake juu ya elimu, juu ya kuwaiga Wazungu bila kufikiri, na juu ya unyonge wa Waislamu wa pwani chini ya ukoloni. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 zikatoka tena huko Leiden pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako.

Wengi wanaonukuu Uwongozi husema, "Kadhi Mkuu wa Kenya amesema." Lakini Sheikh alipewa ukadhi wa Mombasa mwaka 1932, na ukadhi mkuu mwaka 1937. Alipoandika Sahifa hakuwa na cheo chochote cha serikali. Alikuwa mwanachuoni anayewazindua watu wa mji wake kwa kalamu. Ukiiondoa tarehe unamvika joho ambalo hakuwa nalo, na maneno ya raia yanasomwa kama hukumu ya kadhi. Tena hata uzito wa ujasiri wake unapotea.

Sisi wafuasi wa Imam Shafii tulipaswa kulijua hili zaidi ya wengine. Imam alikuwa na rai zake za Iraq, kisha akahamia Misri mwishoni mwa karne ya pili Hijria, akarejea katika mengi hadi alipofariki mwaka 204. Wanafunzi hawakuzifuta rai za kwanza. Waliziita qadim, na za Misri wakaziita jadid, na fatwa ikasimama juu ya jadid isipokuwa katika masuala machache yanayojulikana. Zaafarani alipokea ya Iraq, Rabii na Muzani wakapokea ya Misri. Mpaka leo mwanafunzi anayedurusu fiqhi anajua lipi la lini.

Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatutaka tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Vijana wangu waliona aya hiyo inahusu uongo tu. Niliwaambia makala ile haina uongo hata mmoja, na bado ingetutia katika majuto.

Hatukuitupa. Nimeandika juu yake kwa wino: "Imekutwa Masumbwe, haina jina la gazeti, ni ya kabla ya 2012," nikaiweka katika kabati la madrasa. Aliye na gazeti zima nyumbani kwake atuletee tuijaze tarehe.