Uji, Posho na Tumbo Lililopasuliwa: Lishe ya Mgonjwa katika Historia ya Thika na Ruiru

Mafunzo ya lishe kwa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, yaani maelekezo kuhusu kiasi, aina na nyakati za chakula baada ya mfuko wa tumbo kukatwa sehemu au kuondolewa wote, ni taaluma changa nchini Kenya. Lakini mazoea ya ulaji ambayo mafunzo hayo hukusudia kuyarekebisha yana historia ndefu, na katika Thika na Ruiru historia hiyo haitenganishiki na mashamba ya kahawa na mkonge.

Kabla ya reli ya kutoka Nairobi kufika Thika mwaka 1913, Wakikuyu wa eneo hili walitegemea mawele, wimbi, mtama, njahi, viazi vitamu, viazi vikuu na nduma. Nafaka ililowekwa, ikasagwa na kuachwa ichachuke, kisha ikapikwa uji ambao Wakikuyu huuita ucuru wa mukio, na ambao haukuhitaji sukari kwa sababu ladha yake ilitokana na uchachu wenyewe. Mashamba ya walowezi yalileta utaratibu mwingine. Kibarua alipewa posho, neno lililomaanisha kwanza mgao wa chakula na baadaye likawa jina la unga wa mahindi. Mgao wa kawaida ulikuwa ratili mbili kwa siku, karibu gramu 900, na mtu aliyeshinda shambani tangu alfajiri hakuwa na wakati wa kula ila jioni, tena kwa wingi. Chai ya maziwa iliyokolea sukari ilifuata, ikawa ndiyo kifungua kinywa.

Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao uliolinganisha afya ya Wakikuyu na ya Wamaasai, ambamo walionyesha kuwa chakula cha Wakikuyu, hasa wanaume, kilipungukiwa na kalsiamu, madini yanayojenga mifupa, ilhali wanawake walipata nafuu kwa kula mboga za majani zaidi. Lililo muhimu ni kwamba gramu 100 za wimbi zina kalsiamu ya miligramu 300 na zaidi, na mahindi hayafikii hata 30. Hata hivyo, kituo cha utafiti cha Ruiru kiliishughulikia kahawa kwa miongo mingi hadi kikatoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985. Wimbi, ambalo halikuuzwa ng'ambo, halikupata mlezi wa namna hiyo.

Upasuaji wenyewe ulianzia mbali. Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alimkata mwanamke mmoja sehemu ya tumbo yenye saratani, naye akawa wa kwanza kupona upasuaji wa aina hiyo, ingawa saratani ilimuua miezi michache baadaye. Chakula alichoanzishiwa kilikuwa maziwa yaliyoganda, kijiko kimoja kimoja, kwanza kila saa, kisha kila nusu saa. Mkikuyu wa wakati ule asingeona ajabu katika chakula hicho. Ajabu, kwake, ingekuwa kisu.

Kijiko hicho kina sababu yake. Tumbo zima huhifadhi chakula na kukiachilia kidogo kidogo, na likipunguzwa, mlo mkubwa au kinywaji chenye sukari hushuka kwa ghafla katika utumbo mwembamba, ukavuta maji, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka na mgonjwa akaharisha. Hali hii huitwa dampingi. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ale milo midogo sita kwa siku, atafune sana, na asinywe maji pamoja na chakula bali nusu saa kabla au baada. Githeri yenye maganda magumu ya mahindi husubiri, na nanasi la Thika lenye nyuzi nyingi vilevile.

Kenya ilitunga sheria ya wataalamu wa lishe mwaka 2007, na chuo kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, kati ya Ruiru na Thika, pamoja na kile cha Mount Kenya mjini Thika, vimekuwa karibu na hospitali ya Thika kiasi kwamba fani hiyo haina sababu ya kuwa ngeni hapa. Kasoro iko katika lugha ya mafunzo, ambayo mara nyingi hutaja supu na biskuti kana kwamba mgonjwa hana jiko la kwao. Uji mchachu wa wimbi ungefaa kutajwa kwanza: kuchachuka hupunguza faiteti, kemikali iliyomo katika nafaka inayozuia madini ya chuma kufyonzwa, nayo madini hayo ndiyo hupungua kwa aliyekatwa tumbo. Si dawa, na bakuli kubwa lake litamwumiza kama chai ya sukari. Kikombe kidogo kinatosha.

Jambo moja haliwezi kutoka jikoni. Tumbo hutoa kiini kinachouwezesha mwili kufyonza vitamini B12 inayohitajika katika kutengeneza damu na kulinda neva. Kwa kuwa akiba iliyomo katika ini huweza kudumu miaka kadhaa, mgonjwa hujiona mzima na kuacha kliniki. Aliyeondolewa tumbo lote huhitaji kupewa vitamini hiyo, kwa kawaida kwa sindano, maisha yake yote, hata kama anakula vizuri.