Filamu na bidhaa: Biashara mbili zinazobebana

MAPATO ya filamu kubwa za Marekani hayatokani na tiketi za ukumbi wa sinema pekee. Sehemu yake hutoka kwenye midoli, fulana, saa, vitabu na vyakula vya watoto vinavyoingia sokoni vikiwa na picha za wahusika wa filamu husika.

Biashara hiyo ina sura kuu tatu. Ya kwanza ni leseni, ambapo mwenye filamu humruhusu mtengenezaji wa bidhaa kutumia majina na sura za wahusika wake, naye hulipwa mrabaha kulingana na mauzo. Ya pili ni ubia wa matangazo. Hapa kampuni ya chakula, vinywaji au magari hugharimia matangazo yake yenyewe, lakini ndani yake huitangaza pia filamu, na hivyo kila upande huwafikia wateja wa mwenzake. Ya tatu ni kuionyesha bidhaa ndani ya filamu yenyewe.

Leseni si jambo jipya. Mwaka 1932 kampuni ya Disney ilimkabidhi Kay Kamen kazi ya kusimamia leseni za bidhaa zake, na mwaka uliofuata saa ya Mickey Mouse iliyotengenezwa na Ingersoll iliingia madukani.

Thamani halisi ya haki hizo ilidhihirika mwaka 1977, ilipotoka filamu ya Star Wars. Mwongozaji wake, George Lucas, alikuwa amejihakikishia haki za bidhaa katika mkataba wake na studio ya 20th Century Fox. Mahitaji ya midoli yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni ya Kenner haikuweza kuikamilisha kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Badala yake, iliuza kasha lenye hati iliyomwezesha mtoto kutumiwa midoli yake mwaka 1978.

Mwaka 1982 ilifika zamu ya peremende. Kampuni ya Mars ilikataa peremende zake za M&M's zitumike katika filamu ya E.T., na nafasi hiyo ikachukuliwa na Hershey kupitia Reese's Pieces. Hershey haikulipa ili bidhaa yake ionekane, bali iliahidi kutumia dola milioni 1 kuitangaza filamu hiyo pamoja na peremende zake. Mauzo yake yalipanda sana.

Kwa upande wa migahawa, McDonald's ilianza kuuza mlo wa watoto wenye kitu cha kuchezea, Happy Meal, mwaka 1979, na mwaka huohuo ikauhusisha na filamu ya Star Trek. Baadaye iliingia mkataba wa miaka 10 na Disney, uliomalizika mwaka 2006.

Hata hivyo, ubia wa aina hii huweza kuleta lawama. Mwaka 1992 wazazi nchini Marekani walilalamika kwamba McDonald's ilikuwa ikiwavutia watoto wadogo kwa midoli ya Batman Returns, filamu waliyoiona kuwa ya kutisha mno. Aidha, mjadala kuhusu unene uliokithiri kwa watoto ulishika kasi, na Oktoba 2006 Disney ilitangaza masharti ya lishe kwa vyakula vinavyobeba wahusika wake.

Mwaka 2024 kosa lilikuwa la kiwandani. Makasha ya midoli ya filamu ya Wicked, iliyotengenezwa na Mattel, yalichapishwa anwani ya tovuti ya watu wazima badala ya tovuti ya filamu. Mattel ililazimika kuomba radhi.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, suala lililogusa hisia zaidi ni la maneno "hakuna matata". Baada ya filamu ya The Lion King kuyapa umaarufu duniani mwaka 1994, Disney iliomba yasajiliwe nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa fulana, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018, ombi lililoanzishwa na mwanaharakati kutoka Zimbabwe, la kutaka Disney iachie alama hiyo, lilisainiwa na maelfu ya watu.

Wakosoaji walisema maneno ya lugha ya watu hayapaswi kumilikiwa na kampuni. Ikumbukwe kwamba maneno hayo yalikuwa tayari yamevuma kimataifa kabla ya filamu hiyo, hasa kupitia wimbo wa Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Kenya.

Kisheria, alama ya biashara haimzuii mtu kutamka maneno. Hulinda matumizi ya kibiashara kwa aina ya bidhaa iliyosajiliwa, katika nchi ulikofanyika usajili. Kwa hiyo usajili wa Marekani pekee haumfungi mchuuzi wa fulana wa Mombasa au Zanzibar anayeuza nyumbani. Anayetaka kuuza Marekani fulana zenye maneno hayo ndiye anayepaswa kuchunguza kwanza daftari la alama za biashara la nchi hiyo.